Le Chambon-sur-Lignon: komuni ndogo iliyoijua kazi ya kupokea watu

Kati ya mwaka 1940 na 1944, komuni moja (eneo dogo la utawala lenye meya wake) ya milimani huko Ufaransa, yenye wakazi wasiofika 3,000, iliwaficha, ikawalisha na kuwasomesha mamia kwa mamia ya Wayahudi, wengi wao watoto. Iliyafanya hayo wakati serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani ya Hitler, ikiwaandikisha Wayahudi na kuwakabidhi kwa Wajerumani. Komuni hiyo ni Le Chambon-sur-Lignon. Kisa chake kimesimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa kama muujiza: mchungaji jasiri akahubiri, kijiji kizima kikasikia, watu wakaokoka.

Mimi simulizi hiyo hainitoshi, na zaidi ya hapo naona inawadhulumu waliofanya kazi. Le Chambon haikugeuka kimbilio siku moja ya Juni 1940. Ilikuwa imekaa karibu nusu karne ikiishi kwa kupokea wageni, tena kama kazi ya kuwapatia watu riziki. Kabla ya hapo ilikuwa imebeba kwa vizazi vingi kumbukumbu ya serikali inayoingia nyumbani kwa mtu kumwambia asali vipi. Kumbukumbu iliwapa sababu ya kukataa. Vitanda, sufuria, reli na mazoea ya kulea watoto wasio wao viliwapa uwezo wa kukataa kwa miaka minne mfululizo. Nitakieleza kisa hiki kwa kufuata nyuzi hizo mbili, kisha nitasema zilipokatikia.

Mahali na watu wake

Le Chambon iko katika mkoa wa Haute-Loire, karibu mita 960 juu ya usawa wa bahari. Mto Lignon, unaoupa mji nusu ya jina lake, huanzia miteremko ya mlima Mézenc, hupita hapo na kuelekea kaskazini hadi kumwaga maji yake katika mto Loire. Ni mto mdogo. Haupitishi meli wala haujengewi bandari, ila umekata bonde lenye malisho na mashamba ya shayiri nyeusi na viazi, na kando yake misitu ya misonobari. Nyumba za zamani ni za mawe ya matale, mapaa yake yameezekwa kwa vibamba vizito vya mawe kwa sababu ya theluji na kwa sababu ya upepo wa kaskazini ambao wenyeji huuita burle. Upepo huo hukusanya theluji barabarani hata pale ambapo mbingu ni nyeupe. Zamani, burle ikivuma sawasawa, shamba na shamba vilikaa siku kadhaa bila kuonana.

Mashamba yametawanyika. Jambo hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Polisi akiingia katika mji uliobanana anaweza kufunga njia nne na kupekua nyumba hadi nyumba. Akiingia uwanda wa juu ambako kila ukoo unakaa peke yake mwisho wa kijia, na kila kijia kinaishia msituni, hana atakachofunga.

Uwanda huo mzima, unaokamata sehemu za Haute-Loire na za Ardèche, ulikuwa na watu wapatao 24,000 wakati wa vita, na kati yao kama 9,000 walikuwa Waprotestanti. Katika nchi ambayo Waprotestanti ni wachache sana, hiki kilikuwa kisiwa. Na ndani ya kisiwa hicho, Le Chambon na jirani yake Le Mazet-Saint-Voy zilikuwa za Kiprotestanti karibu kabisa, huku Tence ikiwa na mchanganyiko na Wakatoliki wengi.

Karne ya kujificha

Matengenezo ya kanisa, yaliyozaa Uprotestanti, yalifika huku karne ya 16. Amri ya Nantes ya 1598 iliwapa Waprotestanti wa Ufaransa haki ya kuabudu. Oktoba 1685 mfalme Louis wa 14 akaifuta. Wachungaji wakapewa wiki mbili waondoke nchini. Waumini wa kawaida wakakatazwa kuondoka, na mwanamume aliyekamatwa akitoroka alipelekwa kupiga makasia katika mashua za mfalme. Hata kabla ya kufutwa kwa amri hiyo, askari walikuwa wakiwekwa kwa nguvu katika nyumba za Waprotestanti, wakila chakula chao na kuharibu mali yao mpaka baba mwenye nyumba akubali kuacha dini.

Waliobaki waliabudu maporini, usiku, na walinzi juu ya vilima. Mchungaji akikamatwa alinyongwa. Wanawake walifungwa. Anayekumbukwa zaidi ni Marie Durand, binti wa Vivarais, eneo linalopakana na uwanda huu. Alitiwa katika mnara wa Constance huko Aigues-Mortes mwaka 1730 akiwa bado kijana, akatoka 1768. Miaka 38, na alichotakiwa kufanya ili afunguliwe ni kusema tu kwamba ameiacha imani yake. Juu ya jiwe la mnara huo bado limechongwa neno moja, linalohusishwa naye, la kuwataka wenzake wasikubali.

Mpaka 1787 ndoa ya Mprotestanti haikutambuliwa na serikali, na watoto wake mbele ya sheria walikuwa wa nje ya ndoa. Fikiria maana yake kwa jamii ya wakulima: zaidi ya karne moja ya kuoana, kuzaa, kurithishana na kuzikana bila karatasi halali, kwa kuaminiana tu na kwa kunyamaza mbele ya wageni wanaouliza maswali. Mtu aliyelelewa katika jamii kama hiyo hahitaji kufundishwa kwamba sheria na haki si kitu kimoja. Amelisikia mezani.

Lipo pia kundi ambalo simulizi nyingi hulipita haraka, nalo ni Wadarby, Wakristo wanaofuata mafundisho ya John Nelson Darby, wasio na wachungaji wala makanisa makubwa, wanaokutana majumbani na kusoma Biblia kwa bidii kubwa. Walikuwa wengi kwenye mashamba ya uwanda huu. Kwao Wayahudi ni taifa la Biblia, watu wa Mungu, na wakati mwingine hilo peke yake lilitosha kufungua mlango. Hawakuandika kumbukumbu wala kutoa hotuba, ndiyo maana majina yao yalichelewa kujulikana.

Biashara ya hewa safi

Sasa niingie katika uzi wa pili, ambao kwangu ndio wenye uzito zaidi kwa sababu unasahauliwa.

Mwaka 1893 mchungaji Louis Comte wa Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe na viwanda ulioko kaskazini, alianzisha mpango wa kuwapeleka watoto wa wafanyakazi mlimani. Watoto hao walikuwa wembamba, wakikohoa, wakiishi katika moshi. Mashamba ya uwandani yaliwapokea kwa majuma kadhaa kila kiangazi, wakanywa maziwa, wakachunga ng'ombe, wakarudi na mashavu. Familia ya mkulima ililipwa kiasi kidogo kwa kila mtoto. Mpango ulikua, na kwa miaka iliyofuata maelfu ya watoto walipita katika mashamba hayo.

Mwaka 1902 reli nyembamba ikafika. Treni ndogo ya mvuke ikapanda kutoka bonde la Loire, ikapitia Tence, ikafika Le Chambon na baadaye Saint-Agrève. Baada ya watoto wakaja wazazi wenye uwezo, kisha watu wa Lyon na Marseille, kisha wagonjwa wa kifua waliotumwa na madaktari. Kufikia miaka ya 1930 mji ulikuwa na hoteli, nyumba za kulala wageni na nyumba za watoto kwa makumi. Mjane aliyebaki na nyumba kubwa alikodisha vyumba. Mkulima aliyekuwa na darini aliitengeneza ilalike. Kiangazi idadi ya watu mjini iliongezeka mara kadhaa, na hakuna aliyeshangaa kuona sura ngeni dukani. Mwandishi Albert Camus, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, alifika Le Panelier, kitongoji cha jirani, katika kiangazi cha 1942 kwa sababu hiyohiyo ya hewa, akakaa zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo ilipofika vita, komuni hii ilikuwa na vitu ambavyo vijiji vingi vya ukubwa wake havikuwa navyo. Ilikuwa na vitanda vingi kuliko wakazi. Ilikuwa na wanawake waliojua kupika kwa watu thelathini, kutunza daftari la matumizi na kumtuliza mtoto anayelilia mama yake usiku. Ilikuwa na kituo cha treni ambako kushuka kwa watoto kumi na mizigo yao hakukuwa habari.

Kilichobaki ni majira ya baridi, pale hoteli zilipofungwa na mji ukalala. Charles Guillon, aliyekuwa mchungaji hapo miaka ya 1920 kisha meya kuanzia 1931, na André Trocmé, mchungaji aliyefika 1934, waliona kwamba shule ya sekondari ingewapa vijana wa uwandani elimu na kuupa mji uhai mwaka mzima. Shule ilifunguliwa 1938 chini ya mchungaji Édouard Theis. Ilianza na wanafunzi wachache sana na vyumba vya kuazima. Ndani ya miaka michache ilikuwa na mamia ya wanafunzi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, wanafunzi kwa walimu, ilikuwa ya wakimbizi. Mwalimu Myahudi aliyefukuzwa na sheria ya Oktoba 1940 angeweza kupata darasa hapa.

Miaka ya vita

Ufaransa ilitia saini mkataba wa kusitisha vita tarehe 22 Juni 1940. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Trocmé na Theis walisoma mbele ya waumini tamko lililosema kwamba wajibu wa Mkristo ni kuipinga jeuri inayoelekezwa kwenye dhamiri yake kwa kutumia silaha za roho. Juu ya mlango wa kanisa hilo yameandikwa maneno ya Injili, pendaneni ninyi kwa ninyi. Guillon naye alijiuzulu umeya kwa kutokubaliana na utawala mpya, akawa akifanya kazi zake Geneva na kuvusha fedha za misaada mpaka Ufaransa.

Tamko halilishi mtu. Majira ya baridi ya kwanza ya vita, mwanamke Myahudi kutoka Ujerumani aligonga nyumba ya mchungaji. Magda Trocmé, mke wa André, Mtaliano mzaliwa wa Florence, alimkaribisha ndani, kisha akaenda kwa meya mpya kumtafutia karatasi. Meya alikataa. Alimwambia kwamba kumpokea mgeni mmoja kungewatia hatarini Wayahudi Wafaransa waliokuwa tayari mjini, na kwamba aondoke. Kisa hiki kidogo Magda alikisimulia mwenyewe baadaye, nami nakiona ni cha msingi. Kinaonyesha kwamba si kila mtu mwenye cheo pale alikuwa upande mmoja. Na kinaeleza kwa nini toka hapo kazi ilifanyika bila kuomba ruhusa: aliyetaka kuokoa mtu alijifunza kutouliza swali ambalo jibu lake litamfunga mikono.

Waliookoa hawakuwa na makao makuu wala orodha. Wakweka wa Kimarekani, shirika la Cimade la vijana wa Kiprotestanti, Msaada wa Uswisi kwa watoto na shirika la Kiyahudi la OSE walikuwa wakijitahidi kuwatoa watu katika kambi za kusini kama Gurs na Rivesaltes, ambako njaa na magonjwa vilikuwa vikiua. Waliweza kupata vibali vya kutoka kwa baadhi, hasa watoto, lakini vibali vilihitaji anwani ya kwenda. Le Chambon ilikuwa na anwani. Msaada wa Uswisi ulifungua nyumba ya La Guespy mwaka 1941, kisha L'Abric, kisha Faïdoli, chini ya Auguste Bohny, mwalimu kijana kutoka Basel. Cimade ikachukua hoteli ya Coteau Fleuri. Nyumba ya Les Grillons ikaongozwa na Daniel Trocmé, jamaa wa mchungaji André Trocmé. Nyumba nyingi za bweni ziliendelea tu na kazi yao ya zamani, wageni wakiwa wamebadilika.

Tatizo la kila siku lilikuwa chakula. Mkate, nyama, mafuta na sukari vilitolewa kwa kadi za mgao, na kadi ilitolewa kwa jina. Mtu wa kujificha hana jina la kuandika. Kwa hiyo kughushi karatasi kulianza, kwa kweli, kama suala la jikoni. Kijana Oscar Rosowsky, mzaliwa wa Berlin aliyefika uwandani mwaka 1942 na kutaka kusomea udaktari, aliwahi kufanya kazi ya kutengeneza mashine za kupiga chapa huko Nice na alijua karatasi za ofisini zinavyofanana. Alijificha katika shamba la familia ya Héritier, na usiku alichapa vitambulisho, kadi za mgao na vyeti vya kuzaliwa. Vifaa vyake vilifichwa ndani ya mizinga ya nyuki. Viazi, shayiri nyeusi na maziwa ya mashamba viliziba pengo ambalo kadi hazikuweza kuziba.

Watoto waliendelea kupanda kwa treni. Madeleine Dreyfus wa OSE, mtaalamu wa saikolojia na mama wa watoto wadogo, aliwatoa Lyon vikundi kwa vikundi, akazunguka kwa miguu mashambani akiuliza nani ana nafasi. Wavulana wakubwa ndio waliokuwa wagumu kupangishwa. Aligundua kwamba wakulima walisitasita alipozunguka maneno, na alipowaambia wazi kwamba hawa ni watoto wa Kiyahudi wanaowindwa, nafasi ikapatikana. Alikamatwa Novemba 1943, akapelekwa kambi ya Kinazi ya Bergen-Belsen, akarudi hai. Wakubwa waliokuwa katika hatari zaidi walisindikizwa mpaka mpaka wa Uswisi. Pierre Piton, mwanafunzi na skauti, alikuwa mmoja wa wasindikizaji hao.

Serikali haikuwa kipofu. Agosti 1942, majuma machache baada ya msako mkubwa wa Wayahudi wa Julai mjini Paris, Georges Lamirand, aliyesimamia vijana katika serikali ya Vichy, alitembelea Le Chambon. Wanafunzi wa shule walimkabidhi barua iliyosema kwamba wamesikia yaliyotendeka Paris, kwamba kati yao wako Wayahudi, na kwamba wenzao hao wakitakiwa kukamatwa watawashauri wasijisalimishe na watawaficha. Barua kama hiyo, mkononi mwa mwakilishi wa serikali, mwaka 1942! Majuma kama mawili baadaye mabasi ya polisi yalifika kuwachukua Wayahudi. Trocmé aliombwa orodha ya majina, akajibu kwamba yeye hajui Myahudi ni nini, anajua watu tu. Polisi walipekua siku kadhaa. Watu walikuwa wameshahamia mashambani na msituni, na mabasi yaliondoka karibu matupu.

Palipokatika

Uchambuzi wa kisa hiki usiotaja Maison des Roches ni pongezi tu. Nyumba hiyo ilikaliwa na wanafunzi wa kiume, vijana wakubwa, wengi waliotoka kambini kwa vibali rasmi. Ndiyo kusema majina yao yalikuwa kwenye mafaili. Utaratibu halali uliowatoa Gurs ndio uliowaacha wazi. Tarehe 29 Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Kinazi, waliizingira alfajiri, wakawachukua wanafunzi 18 pamoja na Daniel Trocmé, aliyekuwa amekubali kuiongoza nyumba hiyo pia. Inasemwa kwamba angeweza kukimbia, lakini alikwenda kuwa na vijana wake. Alifia katika kambi ya Majdanek mwezi Aprili 1944. Baadhi ya vijana waliuawa Auschwitz.

Daktari wa mji, Roger Le Forestier, aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya Albert Schweitzer huko Lambaréné, Gabon, alikamatwa Agosti 1944 na kupigwa risasi pamoja na wafungwa wengine wengi huko Saint-Genis-Laval, karibu na Lyon, kama majuma mawili tu kabla ya Lyon kukombolewa. Wachungaji wawili na mwalimu mkuu Roger Darcissac walikuwa wamefungwa kambini mapema mwaka 1943, wakatoka baada ya kama mwezi mmoja. Baadaye Trocmé na Theis walilazimika kujificha, na kwa miezi mingi mji uliendelea bila wao. Kwangu huo ni ushahidi mzito: viongozi hawakuwepo, na mashine haikusimama.

Bahati nayo ilikuwepo, na haipunguzi heshima ya mtu kuitaja. Uwanda huo haukuwa na kiwanda wala njia kuu ya kijeshi. Wajerumani walipoikalia kusini ya Ufaransa Novemba 1942, walioletwa Le Chambon walikuwa askari wao waliojeruhiwa upande wa mashariki, waje wapate hewa safi kama wageni wa zamani. Walikaa hotelini, hatua chache kutoka nyumba za watoto, na kwa sehemu kubwa hawakutaka kujua. Mkuu wa mkoa, Robert Bach, alitii Vichy lakini hakuonyesha bidii, na watu bado wanabishana kama ilikuwa huruma au tahadhari. Mji wa nyanda za chini karibu na reli kuu ungeweza kuwa na moyo uleule na kupotea kwa siku moja.

Nikitafuta mahali pa kulinganisha, nakwenda Dieulefit, mji mdogo wa Drôme. Huko nako kulikuwa na Waprotestanti wengi, hewa iliyosifiwa kwa wagonjwa wa kifua, nyumba za wageni, na shule ya Beauvallon iliyoanzishwa na Marguerite Soubeyran. Wakimbizi walifichwa, na Jeanne Barnier, karani kijana wa ofisi ya meya, alitengeneza karatasi za uongo. Mfanano huu si wa bahati nasibu. Imani ileile iliyokosa vitanda ilizaa matendo ya mtu mmoja mmoja. Vitanda bila kumbukumbu ile vilikuwepo katika miji mingi ya watalii, na miji hiyo ilijaza fomu za polisi kama ilivyotakiwa.

Hesabu na heshima

Ni wangapi waliookolewa? Idadi inayorudiwa ni 5,000. Wanahistoria wengi wa siku hizi huiona kubwa mno kwa Wayahudi peke yao, hasa kwa Le Chambon pekee, kwani wengine walikuwa wakimbizi wa Kihispania, Wajerumani waliompinga Hitler na vijana waliokwepa kazi ya lazima Ujerumani, na wengi walipita tu kwa siku chache. Mimi sioni haja ya kuing'ang'ania. Watu walioshughulika kufuta majina hawakuacha rejista, na komuni hii ndogo haiongezewi chochote na sifuri za ziada.

Heshima zilikuja polepole. André Trocmé alitambuliwa na Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, mwaka 1971, mwaka aliofariki. Mwaka 1979 waliokuwa wakimbizi waliweka bamba la shukrani mbele ya kanisa. Mwaka 1990 Yad Vashem ilitoa hati ya heshima kwa wakazi wa Le Chambon na komuni jirani kwa pamoja, jambo ambalo limefanyika pia kwa Nieuwlande ya Uholanzi na ni nadra sana. Rais Jacques Chirac alitoa hotuba hapo Julai 2004, na mwaka 2013 makumbusho yakafunguliwa ng'ambo ya kanisa.

Kila heshima ilileta mabishano. Kwa nini Trocmé na si wachungaji wa vijiji jirani? Wadarby wako wapi, na Wakatoliki? Kwa nini habari ni za amani tu, wakati maporini palikuwa na wapiganaji wenye silaha, na Virginia Hall, jasusi wa Kimarekani mwenye mguu wa bandia, alikuwa akiwapokelea silaha zilizodondoshwa na ndege mwaka 1944? Mabishano haya yamekuwa makali kati ya familia zinazofahamiana, nami nawaunga mkono walioyaanzisha. Yametoa majina ya wakulima na wenye nyumba za bweni ambao wangekufa bila kutajwa.

Komuni ya leo

Reli ilifungwa mwaka 1968. Sehemu yake hutumika kwa treni ya watalii. Shule iliyojulikana baadaye kama Collège Cévenol, iliyokuwa ikivuta wanafunzi kutoka nchi nyingi, ilifungwa 2014, pigo kubwa kwa mji ambao ulihesabu walimu na wanafunzi hao kama wakazi wake wa majira ya baridi. Leo Le Chambon ina watu wapatao 2,500, na wazee ni wengi. Nyumba nyingi hufunguliwa kiangazi tu. Kipo pia kituo cha kupokea familia zinazoomba hifadhi, na watu kutoka Afrika ya Kati na milima ya Caucasus wameishi humo wakisubiri majibu ya serikali, watoto wao wakisoma katika shule za mji. Safari hii ni mpango wa serikali yenyewe, na asiyepata kibali hutakiwa kuondoka. Wapo wenyeji waliosimama na familia zilizokataliwa, na wapo waliosema sheria ifuatwe.

Desemba 2020 alifariki karibu na Lyon mzee wa miaka 90, mzaliwa wa Vienna, aliyefika Le Chambon mwaka 1943 akiwa mtoto pamoja na wazazi wake baada ya kupitia kambi ya Rivesaltes. Alisoma hapo, akaondoka 1950 kwenda kusomea famasia. Hakuwa na watoto. Aliiachia komuni sehemu kubwa ya mali yake, karibu euro milioni 2, na kuomba zitumike kwa elimu na vijana. Kwa halmashauri ya mji wa ukubwa huo, ambayo inapigania kubakiza shule na familia changa, hakuna kifungu cha bajeti kilichohitaji fedha zaidi ya hicho.